Hesabu Meno Kabla Hujalaumu Miguu

Wadogo zangu, mawifi na mikopo ya vikoba vitasubiri wiki ijayo. Leo nataka tukae jamvini tuzungumze meno. Si ya mdomoni, ya baiskeli.

Mdogo wangu mmoja wa Korogwe kaniandikia ujumbe ambao nimeusoma mara tatu. Amenunua baiskeli ya resi ya mtumba, nyepesi, nyekundu, kwa pesa aliyoidunduliza mwaka mzima. Jumamosi wenzake wa kikundi wakamchukua kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Kabla ya kufika Soni alikuwa ameshashuka mara nne, anaikokota kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Kaka mmoja wa kikundi akampita taratibu, hata jasho hana, akamwambia, "Miguu ya kike hiyo, utazoea tu." Sasa mtoto wa watu ananiuliza mambo mawili: aiuze baiskeli, au kuna mazoezi gani ya kukuza mapaja?

Nilimjibu usiku uleule. Usiiuze. Mapaja yako yaache yalivyo kwa sasa. Igeuze baiskeli miguu juu, chukua chaki, tia alama kwenye jino moja la sproketi kubwa ya mbele, kisha uzungushe pole pole huku unahesabu mpaka chaki irudi. Fanya hivyo kwa sproketi ndogo ya mbele, halafu nyuma hesabu ile ndogo kabisa na ile kubwa kabisa. Mara nyingi idadi imechongwa kwenye chuma chenyewe, lakini mtumba una kutu na mafuta, chaki haidanganyi. Na ukiweza, nikamwambia, ihesabu na ya yule kaka akiwa anakunywa soda.

Majibu yakaja. Yake: mbele 53 na 39, nyuma kuanzia 11 hadi 25. Ya kaka: mbele 50 na 34, nyuma 11 hadi 32.

Haya, sasa tufanye hesabu ya darasa la sita, msinikimbie. Gia nyepesi kabisa ya baiskeli ni sproketi ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma. Gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma. Kwa mdogo wangu ni 39 kwa 25, jibu 1.56. Maana yake akizungusha pedeli mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara moja na nusu na ushee. Gurudumu la baiskeli ya resi lina mzingo wa kama mita 2.1, kwa hiyo kila mzunguko wa miguu unamsogeza karibu mita 3.3. Kwa kaka ni 34 kwa 32, jibu 1.06, naye anasogea mita 2.2.

Mita moja tu ya tofauti, utasema. Ngoja tuiweke mlimani. Tuchukue kona yenye mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 za barabara unapanda mita 8 kwenda juu. Sasa ufikirie kila mzunguko wa pedeli kama ngazi moja. Ngazi ya kaka ina kimo cha sentimita 18, karibu sawa na ngazi za kawaida za nyumba ya ghorofa. Ngazi ya mdogo wangu ina sentimita 26. Wote wawili wameambiwa wapande ghorofa moja, ila mmoja amejengewa ngazi na fundi, mwingine anapanda kwa kukanyaga madawati ya shule. Halafu anaambiwa ana miguu ya kike!

Na hapo bado hatujagusa nguvu yenyewe. Tuseme yeye na baiskeli na chupa ya maji wana kilo 75. Akitaka kuzungusha miguu mara 70 kwa dakika, ambayo ni mwendo wa kawaida wa mtu anayepanda bila kujiumiza, kwenye gia yake ya 39 kwa 25 itabidi aende karibu kilomita 14 kwa saa. Kwenye mwinuko ule anahitaji kutoa kama wati 260. Hiyo ni nguvu ya mtu aliyefanya mazoezi miaka. Lakini akiwa na gia ya 34 kwa 34, mizunguko ileile 70 inampeleka kilomita 9 kwa saa kasoro, na nguvu inashuka hadi kama wati 160. Hizo watu wengi wenye afya wanaweza kuzitoa kwa muda mrefu baada ya miezi michache ya kuendesha.

Ukimng'ang'aniza mtu wa wati 160 apande na 39 kwa 25, mlima haumsamehe, unamwambia basi zungusha polepole. Miguu inashuka hadi mizunguko 45 kwa dakika. Unaijua hiyo hali: unasimama juu ya pedeli, unaning'inia kwenye usukani, baiskeli inayumba kushoto na kulia. Kila kanyago linabana goti. Mimi niliendesha hivyo miaka miwili. Muuzaji aliyenitolea ile baiskeli kwenye kontena aliniambia, "Dada, hii ni ya mashindano kabisa," na kwa kweli alisema ukweli mtupu, mimi ndiye sikujua kuwa hiyo ndiyo kasoro yake. Ilitengenezwa kwa ajili ya kijana wa kulipwa, mwenye kilo 65, anayeendesha kwa muda wa saa 5 kila siku, tena pengine kwenye nchi tambarare. Ikaja kwangu, mama mwenye mabega ya kubebea ndoo na mlima mlangoni. Maumivu ya mbele ya goti la kulia nikayazoea, nikadhani ni umri. Yaliondoka baada ya kubadilisha kaseti, yaani lile rundo la sproketi za nyuma, na kuinua kiti kidogo. (Maumivu yasipoondoka nenda kwa daktari, mie si daktari wa mifupa.)

Kuna na hatari nyingine ambayo vikundi vya wanaume havipendi kuizungumzia. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na Fuso za kabichi na viazi zinashuka na haraka zake za sokoni. Mtu aliyezidiwa na gia hawezi kwenda mstari ulionyooka. Anapiga zigizaga, anapanua mlima ili aupunguze makali, na kila zigi inampeleka katikati ya barabara. Gia nyepesi inakuwezesha kwenda polepole ukiwa umenyooka, pembeni, pumzi ikiwa na nafasi ya kusikiliza honi nyuma yako. Hiyo peke yake ingetosha.

Sasa niwape hadithi moja ambayo dada yeyote anayeambiwa "miguu ya kike" aiweke mfukoni. Mwaka 1902, huko Ufaransa, Touring Club de France waliandaa shindano kwenye barabara za milima ili kujaribu baiskeli zenye gia za kubadilisha, kitu ambacho wakati ule wengi walikiona upuuzi. Bingwa Edouard Fischer alipewa baiskeli ya gia moja. Mwanamke, Marthe Hesse, akapewa baiskeli aina ya Gauloise yenye gia 3. Inasimuliwa kuwa Hesse alimaliza njia nzima bila kuteremsha mguu chini, na akamwacha bingwa. Unadhani wakubwa wa baiskeli wakasema, jamani, tujifunze? Wapi! Henri Desgrange, ambaye mwaka uliofuata ndiye aliyeanzisha Tour de France, alishikilia kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliovuka miaka 45, na kwamba ushindi wa kweli ni wa msuli, si wa chuma. Kwa ukaidi huo Tour ikakataa mashine za kubadilisha gia mpaka mwaka 1937. Miaka yote hiyo washindani wa Alps na Pyrenees walikuwa na gurudumu la nyuma lenye sproketi kila upande. Wakifika mguuni mwa mlima wanashuka, wanalifungua gurudumu, wanaligeuza, wanalifunga tena na vidole vimeganda kwa baridi. Yote hayo kwa sababu ya aibu ya mzee mmoja.

Aibu ile bado inatembea. Ndiyo iliyompita mdogo wangu karibu na Soni, imevaa miwani ya jua, huku yenyewe inakanyaga 34 kwa 32.

Waliokuwa Kigali Septemba 2025, kwenye mashindano ya dunia ya barabarani ya kwanza kufanyika Afrika, wameona wakubwa wenyewe wanavyopanda. Wanaume waliendesha kilomita 267.5, na milima yake ukiijumlisha ilizidi mita 5,400. Kile kilima cha Kimihurura kina mawe, na cha Mur de Kigali ni kifupi lakini kinafika asilimia 11. Waliomaliza walikuwa 30 tu, na Tadej Pogačar ndiye aliyeshinda. Upande wa wanawake alishinda Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wengi hawakumtarajia. Hao ni watu wanaotoa wati ambazo mimi na wewe tutaziota tu. Na kwenye Dura-Ace ya gia 12, seti ya gia ambayo kampuni ya Shimano inaitengeneza kwa ajili ya watu wa namna hiyo, kaseti kubwa kabisa ni ya 11 hadi 34. Kama bingwa wa dunia hatahayari na sproketi ya meno 34, wewe unayekwenda kumsalimia shangazi Lushoto unatahayari nini?

Basi turudi kwenye baiskeli nyekundu, maana najua mnataka kusikia kinachobadilishwa na kinachoachwa.

Anzia nyuma, siyo mbele. Wengi wanakimbilia kutafuta krenki, yaani mikono ya pedeli na sproketi zake za mbele, ya 50 na 34 kwa sababu ndiyo waliyoisikia. Nzuri, sikatai. Lakini fanya ile hesabu. Mdogo wangu akibadilisha krenki tu na kubaki na kaseti yake ya 25, anapata 34 kwa 25, mita 2.9 kwa mzunguko. Akibakiza krenki yake na kuweka kaseti ya 11 hadi 32, anapata 39 kwa 32, mita 2.6 kasoro kidogo. Kaseti imemfaa zaidi, na kwa kawaida ndiyo rahisi kuipata. Akijaliwa vyote viwili anafika 34 kwa 32, yaani palepale alipo yule kaka. Wakati huo ndipo tutajua miguu ni ya nani.

Kaseti ina masharti yake. Idadi ya gia lazima ilingane na leva zako za kubadilishia gia. Hesabu sproketi za nyuma: kama ni 8, tafuta kaseti ya 8, kama ni 9 ya 9. Usidanganywe kuwa "inaingia tu". Kuingia itaingia, kubadilisha gia itakataa. Baiskeli za zamani za gia 6 au 7 mara nyingi hazina kaseti bali friwili ya kuskrubu, na hizo zina habari njema yake, kwani friwili za 14 hadi 28 zipo nyingi, na zipo hata za 14 hadi 34.

Sharti kubwa ni kibadilisha gia cha nyuma, kile kidude kinachoning'inia chini ya sproketi chenye vigurudumu vidogo viwili. Cha baiskeli ya mashindano huwa na mkono mfupi. Vile vigurudumu viko karibu karibu, na hakikuumbwa kufikia sproketi kubwa wala kukusanya cheni ndefu. Ukitaka kwenda 32 au 34 unahitaji cha mkono mrefu. Na hapa ndipo mtumba unapokuwa rafiki. Kibadilisha gia cha Shimano cha baiskeli ya milimani, cha gia 8 au 9, kinaelewana na leva za resi za Shimano za gia 8 au 9. (Dura-Ace ya zamani ya gia 8 ndiyo jeuri, haielewani na ndugu zake.) Baiskeli za milimani zilizokufa fremu zimejaa kwa mafundi wetu, zimetundikwa darini kama mishkaki. Zitazame kwa jicho jingine. Cha milimani cha gia 10 usikiguse, hicho kinavuta waya kwa kipimo kingine.

Cheni nayo iwe mpya na ipimwe. Cheni mzee juu ya kaseti mpya huruka meno, na huwa inachagua kuruka pale hasa unapokanyaga kwa nguvu. Upimaji wake ni huu: izungushe kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kibadilisha gia, ione inapokutana, kisha ongeza pingili mbili. Fupi kuliko hapo ni balaa.

Nalijua balaa hilo kwa jina. Nilipobadilisha yangu mara ya kwanza, fundi aliniwekea kaseti ya 32 akaacha cheni ileile na kibadilisha gia kilekile cha mkono mfupi. Sitamtaja, maana kosa tuligawana: yeye alikuwa na wateja, mimi nilikuwa na haraka, na wote wawili tuliijaribu baiskeli kwa kuzunguka mti wa mwarobaini, tukaridhika. Siku ya pili nikapanda nikiwa kwenye sproketi kubwa ya mbele, nikasukuma leva mpaka kubwa ya nyuma bila kufikiri. Cheni ikakaza kama kamba ya ngoma. Kibadilisha gia kikanyooka, kikapinda, kikaingia kwenye spoku. Sauti yake siisahau. Nilirudi nyumbani nyuma ya bodaboda, baiskeli nimeipakata kama mgonjwa. Tangu siku hiyo, kabla sijamlipa fundi yeyote, baiskeli inaning'inizwa, namwomba aipitishe gia zote mbele yangu, pamoja na ile kubwa kwa kubwa ambayo hatupaswi kuitumia. Naangalia pia kama sproketi kubwa haigusani na kile kigurudumu kidogo cha juu. Kipo kiskrubu cha kukisogeza. Na kingine kinachozuia cheni isidondokee kwenye spoku. Fundi mzuri hakasiriki ukimuuliza. Anayekasirika, mshukuru kwa muda wake, uondoke na baiskeli yako.

Sasa mbele. Ukitaka sproketi ndogo zaidi, usinunue kabla hujapima boliti. Krenki nyingi za zamani zina boliti tano. Chukua rula, pima kutoka katikati ya boliti moja hadi katikati ya jirani yake. Ukipata kama milimita 76, hiyo krenki ni ya duara la milimita 130, na haitakubali sproketi iliyo chini ya meno 38, uibembeleze vipi. Ukipata kama 65, ni duara la 110, na hapo 34 inakaa bila shida. Nimewaona dada zangu wawili wamenunua sproketi ya 34 ya kupendeza wakafika nayo nyumbani ikawa sahani ya ukutani. Krenki mpya za Shimano zenye boliti nne hazina ugomvi huo, nyingi zinapokea 53, 52 au 50 na wenzao wadogo kwenye duara lilelile.

Kuna na krenki zilizoshuka zaidi, 48 kwa 31 au 46 kwa 30, zilizotengenezwa kwa ajili ya baiskeli za barabara za changarawe. Kwa mtu anayebeba mzigo, au anayeishi mahali ambapo lami inaisha na mlima unaendelea, na huko Usambara si mahali pamoja, mimi ningezichukua bila kusita. Wapo pia watakaokuchekea krenki ya sproketi tatu, 50, 39 na 30. Imepitwa na wakati, kweli. Hata kanga za bibi zimepitwa na wakati na bado zinafunga mtoto mgongoni. Ukiikuta nzima kwenye mtumba, na kibadilisha gia chake cha mkono mrefu, ichukue.

"Lakini Dada, nikipunguza mbele si nitakosa mwendo kwenye tambarare?" Swali hili huja kila mara, na huulizwa kwa uso wa mtu anayedhani anaibiwa. Chukua 50 kwa 11, zungusha miguu mara 90 kwa dakika: unakwenda zaidi ya kilomita 51 kwa saa. Hata 46 kwa 11 inakupa 47. Mara ya mwisho ulikanyaga mwendo huo tambarare lini, mwaya? Kwenye mteremko wa kurudi Mombo hukanyagi kabisa, unashika breki na kumtaja Mungu. Ile 53 unayoililia ni nguo ya harusi, inakaa kabatini.

Kinachopotea kwa kweli ni kingine, na sitawaficha. Kaseti pana ina mapengo. Kwenye 11 hadi 25 gia zinafuatana kwa jino moja au mawili, miguu inapata mwendo wake kama sindano inavyopata tundu. Kwenye 11 hadi 34 kuna mahali unaruka meno matatu au manne kwa mara moja, na katikati ya kundi linalokimbia utajikuta gia moja ni nzito na nyingine nyepesi mno. Kwa anayeishi Dar es Salaam au Tanga mjini, anayeendesha na kikundi kwenye upepo wa pwani, hilo linakera, na huyo sitamwambia abadilishe chochote. Baiskeli yake iko sawa. Wa mlimani hana anasa ya kuchagua mapengo.

Nimepata pia ujumbe kutoka kwa dada wa Kenya anayepanda kutoka bonde la Kerio kwenda Iten kupitia Tambach, na anashangaa kwa nini gia inayomtosha kwao Malindi inamshinda kule. Dada, mbali na huo mlima, hesabu na hewa. Iten iko kama mita 2,400 juu ya bahari, na kila pumzi unayovuta pale ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na ya Malindi. Miguu ni ileile, jiko limepunguziwa mkaa. Kipimo changu ni hiki: mtu wa pwani anayehamia juu aongeze meno mawili au manne nyuma kuliko alivyodhani atahitaji. Kama ulikuwa unafikiria 32, nunua 34, au 36 ikiwa kibadilisha gia chako kinaifikia.

Na unapokadiria mlima wako, usikubali wastani ukudanganye. Mombo iko mita 400 na ushee, Lushoto kama 1,400, umbali kilomita 33. Gawanya, unapata asilimia 3, mlima wa kitoto. Lakini barabara haipandi kwa wastani. Sehemu kubwa ya mwinuko huo imebanwa kabla ya Soni, mle korongoni, na ndani yake kuna vipande vya kupumzika na vipande vya kulia. Gia huchagui kwa ajili ya wastani, unachagua kwa ajili ya kile kipande kibaya kuliko vyote, ukikifikia umeshachoka, saa 5 asubuhi, jua limekuja. Ukiwa na gia moja ambayo huitumii kabisa siku hiyo, hujapoteza kitu. Ukikosa moja, unatembea.

Mdogo wangu wa Korogwe, hivi ndivyo ningefanya ningekuwa wewe. Mwezi huu kaseti ya 11 hadi 32, kibadilisha gia cha milimani kutoka darini kwa fundi, cheni mpya. Krenki usiiguse mpaka uone kama unaihitaji. Pima boliti sasa, uandike namba kwenye simu, ili siku ya mnada ikikujia ya 110 usianze kukisia. Jumamosi ya kwanza usiende na kikundi. Nenda na mtu mmoja mnayeelewana, muanze Mombo alfajiri kabla Fuso hazijaanza kushuka. Ingia kwenye gia nyepesi kabla mlima haujakukaza, maana cheni iliyobeba uzito wako wote haipendi kuhamishwa. Zungusha miguu kama unakanyaga cherehani, uweze kuongea sentensi nzima bila kukatika. Ukiona unamaliza pumzi na gia bado zipo, shuka moja. Ukiona gia zimekwisha, simama unywe maji, upige picha, uendelee. Wachuuzi wa matunda wa Soni hawamuulizi mtu amefika na meno mangapi.

Kuhusu yule kaka, usimwambie kitu. Ila siku moja mkiwa mmepumzika, mwombe mbadilishane baiskeli kwa kilomita mbili tu, za kupanda.